Gitaa la Baba na Mwana: Maisha ya Brian May

Watu wengi wanaomfahamu Brian May, mpiga gitaa wa bendi ya Queen ya Uingereza, wanamfahamu kwa nywele. Ni mrefu, mwembamba, na kichwani amefuga msitu wa nywele zilizojisokota ambazo zamani zilikuwa nyeusi na sasa ni nyeupe kabisa, kiasi kwamba hata asiyejua wimbo wake mmoja humtambua akimwona pichani. Mimi nilianza kumsikiliza kabla sijaiona sura yake, kwenye kaseti iliyokuwa imechakaa, na kilichoninasa ni kwamba sikuweza kuamua ile sauti ilitoka kwenye chombo gani: mara ilikuwa kama fidla tatu zikipigwa pamoja, mara kama tarumbeta, mara kama mtu anayelia huku akijizuia. Nilipokuja kujua kwamba ni gitaa moja tu, na kwamba gitaa hilo alilitengeneza mwenyewe akiwa kijana wa shule, akisaidiwa na baba yake, niliacha kuyatazama maisha yake kuanzia jukwaani nikaanza kuyatazama kuanzia kwenye meza ya useremala. Bado naona kuwa hapo ndipo pa kuanzia, kwa sababu mengi yaliyofuata, pamoja na mfarakano wake na baba yule yule, yana mzizi wake pale.

Alizaliwa tarehe 19 Julai 1947 huko Hampton Hill, pembezoni mwa London, akiwa mtoto wa pekee wa Harold na Ruth May. Harold alikuwa mchoraji wa michoro ya vifaa vya elektroniki katika wizara ya serikali iliyoshughulikia mambo ya anga, na nyumbani alikuwa mtu wa aina ile ambayo kitu kikiharibika hakitupwi wala hakipelekwi kwa fundi, kwa kuwa fundi ni yeye. Alijua pia kupiga ukulele, na ndiye aliyemwonyesha mwanawe chodi za kwanza. Brian alipotimiza miaka saba alipewa gitaa la mbao, la kawaida kabisa, na kabla ya muda mrefu kupita alikwisha kulifungia vinasa sauti vya kujitengenezea kwa sumaku na nyaya ili lisikike kwenye redio ya nyumbani. Alikuwa na mazoea mengine ambayo yanaeleza mengi: alizisikiliza rekodi za Buddy Holly na kundi lake The Crickets akifuatilia zile sauti za waitikiaji, ipi iko juu, ipi iko chini, na ni kitu gani hasa kinachotokea sauti moja inaposogea na nyingine ikabaki palepale.

Mwaka 1963 alikuwa na miaka 16, na alilitamani gitaa la umeme la Fender Stratocaster kama vijana wenzake walivyolitamani. Bei yake haikuwa ya familia ile. Mwezi Agosti mwaka huo baba na mwana wakaamua kulitengeneza la kwao, na kazi hiyo ikawachukua karibu miaka miwili ya jioni na mwisho wa juma. Shingo ya gitaa ilichongwa kwa kisu na vifaa vya mkono kutoka kwenye kipande cha mahogani kilichokuwa sehemu ya meko ya zamani ya kuotea moto, mbao iliyokwisha kutimiza umri wa zaidi ya miaka mia na iliyobunguliwa na wadudu; yale mashimo ya wadudu Brian aliyaziba kwa njiti za kiberiti. Kiini cha mwili wake kilikatwa kwenye meza kuukuu ya mwaloni. Vialama vya kwenye shingo, vile vinavyomwonyesha mpigaji mahali pa kuweka vidole, vilikuwa vifungo vya lulumizi vilivyotolewa kwenye kisanduku cha kushonea cha mama.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni ule mkono wa tremolo, yaani kile chuma ambacho mpigaji akikisukuma nyuzi hulegea na sauti ikayumba. Kwenye magitaa mengi ya wakati ule ukikitumia mara mbili tatu nyuzi zilikuwa hazirudi zilipokuwa, na gitaa likapoteza sauti yake sahihi. Tatizo ni msuguano, na wawili hawa walilishughulikia kama wahandisi: kile kitako kinachoshika nyuzi kiliegemezwa kwenye makali ya kisu ili kiyumbe bila kukwaruzana na kitu, na mvuto wa nyuzi ukasawazishwa na springi mbili za vali zilizotoka kwenye injini ya pikipiki ya Panther ya mwaka 1928. Mkono wenyewe ulikuwa kipande cha chuma kilichokuwa kikishikilia mfuko wa baiskeli, na ncha yake ikavikwa kipande cha sindano ya kufumia ya mama. Ndani ya mwili wa gitaa waliacha nafasi tupu kwa makusudi, kwa sababu Brian alitaka amplifaya, yaani kikuza sauti, inapofunguliwa kwa nguvu gitaa liitikie lenyewe na kuendelea kulia. Hiyo si kazi ya mtoto anayebahatisha.

Gharama zote zilifika kama pauni 8. Kitu kikubwa kilichonunuliwa ni vinasa sauti vitatu vya Burns, baada ya vile vya kujitengenezea kuonyesha udhaifu wao, na hata hivyo hawakuvifunga kwa mpango wa kawaida wa viwandani: kila kinasa kilipewa swichi yake ya kukiwasha na kukizima, na swichi nyingine ya kugeuza mawimbi yake yapatane na ya mwenzake au yapingane nayo. Ukizihesabu namna zinazowezekana za kuziweka swichi hizo sita, utaelewa kwa nini mimi na kaseti yangu tulikuwa tunahangaika kukijua chombo. Gitaa lilipakwa rangi ya mahogani iliyokoza, likaja kuitwa Red Special.

Baada ya gitaa lenyewe, jambo la pili linaloipa sauti yake upekee ni sarafu. Wapigaji wengi hutumia kipande cha plastiki kukwangulia nyuzi. May hutumia sarafu ya peni sita ya Uingereza ya zamani, ambayo kingo zake zina mikato midogo. Akiishika sawasawa na uzi hulainika, akiipindua kidogo ile mikato hukwaruza uzi na kutoa sauti kama ya herufi inayotamkwa. Niliwahi kujaribu kwa sarafu niliyokuwa nayo mfukoni, kwenye gitaa la kuazima, nikakata uzi wa kwanza kabla sijamaliza chodi ya pili, na mwenye gitaa hakufurahi. Ugumu uko kwenye kiganja: plastiki hupinda na kukusamehe, chuma hakipindi, hivyo vidole ndivyo vinavyotakiwa kulegea badala yake. Sarafu zile ziliondolewa kwenye matumizi mwaka 1980, naye ana akiba yake.

Mwaka 1965 aliingia Imperial College ya London kusomea fizikia. Bendi yake ya kwanza ya maana, iliyoitwa 1984, ilipata bahati ya kupiga chuoni hapo mwaka 1967 usiku ambao mgeni mkuu alikuwa mpiga gitaa wa Marekani Jimi Hendrix. Mwaka uliofuata alipata shahada yake, akaanzisha bendi ya Smile pamoja na mwimbaji Tim Staffell na mpiga dramu Roger Taylor. Staffell alipoondoka mwaka 1970, nafasi yake ikachukuliwa na rafiki yao aliyekuwa akiwaambia mara kwa mara namna wanavyotakiwa kuvaa na kusimama jukwaani, kijana mzaliwa wa Zanzibar aliyeitwa Farrokh Bulsara na aliyekuja kujiita Freddie Mercury. John Deacon akajiunga na besi yake mwaka 1971, na Queen ikawa imetimia. Historia ya bendi hiyo imeandikwa na kuandikwa tena, sina haja ya kuirudia hapa yote.

Ninachotaka kukitazama ni kilichokuwa kikiendelea nyumbani kwa wazazi wake. Wakati Queen inaundwa, May alikuwa ameanza utafiti wa shahada ya uzamivu kuhusu vumbi lililotapakaa kati ya sayari, na alikuwa pia akifundisha hisabati shuleni ili apate pesa ya kujikimu. Mwaka 1974 bendi ilianza kushika moto, naye akauacha utafiti ukiwa karibu na mwisho. Harold alilichukulia jambo hilo kuwa ni kuyatupa yote waliyoyagharimia, mtoto kuacha elimu kwa ajili ya muziki usiojulikana utamlisha mpaka lini, na kuna kipindi baba na mwana hawakusemezana kabisa. Nimelifikiria sana hili. Mtu aliyekaa usiku baada ya usiku akimshikia mwanawe mbao ichongwe, aliyejua kila screw ya chombo kile, ndiye huyo huyo aliyeumia kuona chombo kinatumika kwa kazi kiliyotengenezewa. Simlaumu, wazazi wengi tunaowajua wangesema maneno hayo hayo, na wengine makali zaidi. Kwake gitaa lilikuwa zoezi zuri la ufundi na la kuwa pamoja na mwanawe. Kwa Brian lilikuwa njia ya kuondokea.

Suluhu ilipatikana Marekani. Queen ilipopiga katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York, mwaka 1977, May aliwasafirisha wazazi wake kwa ndege ya Concorde waje waone. Harold aliuona umati ule ukilisikiliza gitaa la pauni 8, na baada ya onyesho alimwambia mwanawe kwamba sasa ameelewa.

Alichokisikia Harold usiku ule kilikuwa kimejengwa kwa hesabu. Katika rekodi za Queen za miaka ya 1970, May alikuwa akipiga mstari mmoja wa gitaa, kisha akapiga mwingine juu yake, kisha wa tatu, kila mmoja ukifuata njia yake kama sauti za kwaya, mpaka gitaa moja likawa kikosi kizima. Majalada ya albamu zao za miaka hiyo yaliwatangazia wasikilizaji kwamba hakuna sinthesaiza, yaani chombo cha elektroniki kinachounda sauti, iliyotumika, maana watu walikuwa hawaamini. Kwa sauti zilizofanana na klarineti au tromboni alitumia amplifaya ndogo ambayo John Deacon, naye mtu wa elektroniki, aliiunganisha kutokana na bodi ya saketi aliyoiokota jalalani. Amplifaya hiyo haikuwa hata na kitufe cha kuongeza sauti. Kwenye maonyesho, ambako hakuna mkanda wa kurudia, alitafuta njia nyingine: mashine mbili za mwangwi zilizorudisha alichokipiga baada ya muda fulani, kila moja ikipelekwa kwenye amplifaya yake, naye akawa anaongeza mstari wa pili na wa tatu juu ya mwangwi wake mwenyewe, mtu mmoja akiitikiana na nafsi yake mbele ya umati.

Kama mtunzi, amekuwa akisimama kwenye kivuli cha Mercury, na si haki sana. Wimbo wa kwanza wa bendi kutolewa kama santuri ndogo, mwaka 1973, ulikuwa wake, na zaidi ya huo aliandika nyimbo nyingi ambazo watu huzihesabu kuwa ndio uti wa mgongo wa Queen. Ule unaojulikana kuliko zote, We Will Rock You, ulizaliwa Mei 1977 baada ya onyesho katika ukumbi wa Bingley Hall, Stafford, ambako watazamaji walikataa kukaa kimya: waliimba kila wimbo pamoja na bendi, na bendi ilipotoka jukwaani wakaendelea kuimba wenyewe. May aliondoka akijiuliza watu waliobanana wima, wasioweza hata kugeuka, wanaweza kufanya nini na miili yao, akajijibu kwamba wanaweza kukanyaga chini, kupiga makofi na kuimba. Asubuhi wimbo ulikuwa kichwani.

Walivyourekodi ndipo mwanafizikia anapojitokeza. Waliingia studio ya Wessex, jengo lililokuwa kanisa kaskazini mwa London, wakapanga mbao kuukuu sakafuni, wakakanyaga na kupiga makofi, wakarekodi, wakarudia tena na tena. Watu wachache hata wakirudia mara nyingi bado husikika kama watu wachache. Kwa hiyo May akanakili sauti ile na kuichelewesha kwa vipimo mbalimbali, akivichagua vipimo hivyo kwa uhusiano wa namba tasa, namba zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe, ili mirudio isikutane kwa mpangilio na kusikika kama mwangwi. Sikio linapokosa mpangilio linadanganyika na kudhani linasikia maelfu ya watu, wengine wakiwa karibu, wengine mbali. Wimbo mzima hauna dramu wala besi, na gitaa la mtunzi mwenyewe halifunguki mpaka mwishoni. Ni wapiga gitaa wangapi wangekubali kungoja hivyo kwenye wimbo walioutunga wao?

Mwishoni mwa miaka ya 1980 mambo yalimwangukia kwa pamoja. Harold alifariki mwaka 1988, ndoa yake ya kwanza ikavunjika, na wenzake katika bendi wakaanza kuelewa kuwa Mercury anaumwa ugonjwa usio na tiba. Mercury alifariki tarehe 24 Novemba 1991. May amezungumza waziwazi kuhusu sonona iliyomkumba miaka hiyo na kwamba alifika mahali akatamani asiwepo, na alikwenda kutafuta matibabu. Nyimbo alizoziandika kipindi hicho siwezi kuzisikiliza nikiwa na haraka. Baadaye Queen iliendelea kuzunguka na maonyesho, kwanza na mwimbaji Paul Rodgers, kisha na mwimbaji Adam Lambert, na nadhani kila msikilizaji ana maoni yake kuhusu hilo; yangu ni kwamba nafasi ya Mercury haikuzibika, lakini gitaa halikuwa na sababu ya kunyamaza.

Narudi kwenye vumbi. Kati ya sayari zinazolizunguka jua kuna chembe nyingi mno za vumbi, na mwanga wa jua unapozigonga huonekana kutoka duniani, mahali penye giza la kweli, kama mnara hafifu wa nuru unaosimama angani kabla ya kupambazuka. Waliosoma elimu ya nyakati za swala wanaijua nuru hii kwa jina la alfajiri ya uongo, ile inayosimama wima kisha ikatoweka kabla ya alfajiri ya kweli kutanda upande kwa upande. May alikwenda kwenye kisiwa cha Tenerife, akaweka chombo chake juu ya mlima, akaipima nuru hiyo kwa kuitawanya katika rangi zake na kufuatilia mstari mmoja mwembamba unaoachwa humo na elementi ya magnesi: mstari ukisogea upande huu vumbi linatukaribia, ukisogea upande ule linatukimbia, na kiasi cha kusogea kinakupa mwendo wake. Matokeo ya awali yalichapishwa mwaka 1972 katika jarida la Nature, wakati albamu ya kwanza ya Queen ilikuwa bado haijatoka.

Madaftari yale yalikaa zaidi ya miaka 30. Mwaka 2006 aliyatoa, akarudi Imperial College kama mwanafunzi chini ya usimamizi wa Michael Rowan-Robinson, akajisomea yote yaliyoandikwa katika miaka aliyokuwa barabarani, na kugundua kwamba somo lake halikuwa limekimbiliwa na wengi, hivyo vipimo vyake bado vilikuwa na thamani. Mwaka 2007 tasnifu ilikubaliwa. Alikuwa na umri wa miaka 60, na angeweza kuridhika na shahada za heshima ambazo vyuo huwagawia watu mashuhuri. Alichagua kufanyiwa mtihani.

Mengine yanajulikana. Juni 2002 alisimama peke yake juu ya paa la Kasri la Buckingham akapiga wimbo wa taifa wa Uingereza kwa gitaa lake, upepo ukimpeperusha nywele. Anatetea wanyama wa porini, hasa melesi, mnyama mchimbaji wa jamii ya nyegere, na mbweha, kwa ukali unaowaudhi baadhi ya wakulima wa nchini kwake. Anakusanya picha za zamani za jozi ambazo ukizitazama kwa kifaa maalumu huonekana zikiwa na kina, na ujuzi huo umemfikisha hadi kuwasaidia wanasayansi kuzitazama picha za asteroidi Bennu, jiwe linalolizunguka jua, kwa macho mawili. Mwaka 2023 alitunukiwa heshima ya kuitwa Sir.

Mwaka 2020 alipata mshtuko wa moyo akawekewa vibomba vitatu vya kuzibua mishipa, na mwaka 2024 alieleza kwamba alipatwa na kiharusi kidogo ambacho kwa muda kilimnyang'anya uwezo wa kuutawala mkono wa kushoto. Niliposoma neno kushoto niliiweka simu chini. Huo ndio mkono unaobonyeza nyuzi. Wa kulia unaishika sarafu tu. Katika taarifa hiyo hiyo alisema kwamba bado anaweza kupiga. Gitaa alipigalo ni lile lile, ambalo siku hizi hulitaja kama ajuza wake. Lilifanyiwa ukarabati mkubwa mwaka 1998, likasafishwa, likapakwa upya. Shingo ni ile ile ya meko, na njiti za kiberiti bado zimo ndani.